Njia ya Walokole: Mwanza, Gahini, Kabale, Namirembe, kisha Kyaka

Nayaandika haya nikiwa nimesharudi Mwanza, kutoka kwenye daftari lenye madoa ya chai na picha za simu ambazo nusu yake ni vioo vya basi. Kijana wangu ndiye aliyenipa wazo la safari, na ndiye aliyenisumbua mpaka nikaketi kuyapanga.

Kwa asiyefahamu: walokole wa zamani, wale wa wimbo wa Kiganda "Tukutendereza" na "Bwana asifiwe" kila mlango wanaoingia, wana kwao. Uamsho wa Afrika Mashariki ulichipuka kati ya Namirembe, Kampala, na Gahini, Rwanda, kuanzia 1929. Katikati ya miaka ya 1930 ulikuwa umeshafika Kigezi, eneo la Kabale kusini magharibi mwa Uganda, na kabla muongo huo haujaisha ulikuwa umeingia kwetu Kagera kupitia chuo cha ualimu cha Katoke. Bibi yangu mzaa mama, mtu wa Kyaka, alikuwa mmoja wao. Miaka ya 1960, akiwa mama kijana, alipanda lori kwenda mkutano Kabale akiwa na mtoto mgongoni. Alifariki 2023. Gahini, Kabale na Bwama alikuwa akizitaja kama mtu anayetaja majirani, nami sikuwahi kumwuliza zaidi.

Nina sababu nyingine ya kwenda. Nitaisema ikifika mahali pake.

Jumanne: Mwanza hadi Rusumo

Basi la alfajiri, nauli kama elfu arobaini. Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025, na kilomita zake tatu tulizimaliza kabla sijafungua chupa ya maji. Waliowahi kulala kwenye foleni ya kivuko wataelewa kwa nini nusu ya basi walipiga makofi. Sengerema, Geita, Katoro: sina la kuandika, nilisinzia. Nyakanazi tulishuka kula. Wali na samaki elfu saba, pilipili bure, na kondakta anayesema dakika kumi akimaanisha arobaini.

Basi liliishia Benaco. Hapo ndipo nilipokutana na dada mmoja wa upande wa Rwanda anayefanya biashara ya mchele na kuvuka mpaka kila wiki. Aliponiona nageuka geuka na begi, akaniambia, "Dada, twende, taksi moja inatosha." Tulipovuka sikuwa na faranga hata moja, na vibanda vya kubadilisha fedha vilikuwa vimefungwa. Alinilipia gari hadi Kirehe, akanionyesha nyumba ya kulala wageni, akaongea na mwenye nyumba kwamba nitalipa asubuhi. Nilipomwomba namba yake nimrudishie, alicheka: "Utamlipia mwingine." Nikawa na wasiwasi usiku kucha. Mimi ni mtu nisiyependa kudaiwa.

Pale darajani, juu ya maporomoko ya Mto Kagera, usitoe simu. Askari hawana mzaha. Lakini simama kidogo utazame. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, watu kama robo milioni walivuka hapa kuja Ngara ndani ya saa ishirini na nne.

Kwa atakayefuata: nenda na pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, mimi niliulizwa. Saa ya Rwanda iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Magari yanapita kulia, hivyo tazama pande zote kabla ya kuvuka. Mifuko ya plastiki iache nyumbani. Na usipange safari ya asubuhi Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Ni siku ya umuganda, watu wote wako kwenye kazi za jamii na magari hayatembei mpaka mchana.

Jumatano na Alhamisi: Gahini

Kirehe, Kibungo, Kabarondo, Kayonza. Barabara safi, migomba mpaka macho yanachoka. Kutoka Kayonza nilichukua pikipiki, kofia ngumu ni lazima kwa abiria pia, na baada ya muda mfupi Ziwa Muhazi likajitokeza chini, jembamba na refu, na Gahini juu ya kilima chake: hospitali, kanisa, shule, miti mirefu.

Nilikuwa nategemea kuona kitu. Jiwe la kumbukumbu, kibao kikubwa, sijui. Nilichokuta ni hospitali yenye wagonjwa, ndugu wakipika nje, mama mmoja akianika shuka. Mwanzoni nilivunjika moyo. Baadaye niliona ni sawasawa, kwa sababu jambo lenyewe lilianzia kwenye zahama za hospitali hii hii.

Daktari Mwingereza, Joe Church, alifika hapa 1928, na njaa kali ikaipiga Rwanda ya mashariki. Mwaka uliofuata alikuwa amechoka mwili na roho. Alikwenda Kampala kupumzika, na yaliyotokea huko nitayaeleza tukifika Namirembe. Aliporudi, shida ikawa ndani ya nyumba. Yosiya Kinuka, mkuu wa wahudumu wa hospitali, hakupatana na mambo hayo mapya. Wahudumu waligombana, kazi ikazorota. Kinuka akaenda Kampala kumwona Mganda mmoja, Simeoni Nsibambi, akamweleza habari za hospitali na ubaya wa wenzake. Nsibambi akamrudishia swali kwake mwenyewe: mzizi wa shida ya hospitali uko moyoni mwako. Akiwa njiani kurudi, ndani ya gari, Kinuka akakubali. Gahini ikampokea mtu mwingine.

Hadithi hii Bibi aliisimulia mara nyingi, na kila mara nilimwona Kinuka kama mtu aliyekaripiwa. Nilipoisikia tena pale pale, kutoka kwa muuguzi mstaafu niliyekaa naye kwenye benchi, nilisikia kitu kingine. Mama huyu alisema, kwa Kiswahili alichojifunza alipoishi ukimbizini Karagwe: "Hakuambiwa ajirekebishe kwanza ndipo arudi. Alirudi vile vile, na kazi yake ile ile ikamngoja."

Mwisho wa 1933 watu walikusanyika hapa kwa maombi, mmoja akasimama kutubu, akafuata mwingine, na mwingine, kwa saa mbili na zaidi. Kuanzia hapo watu wakawa wanarudisha vitu walivyoiba, wanalipa madeni ya zamani, mume anamwomba mke radhi mbele ya watoto. Wakubwa wengi hawakupenda. Mambo ya siri kusemwa hadharani yalionekana utovu wa adabu, na kusema kweli mara nyingine yalikuwa hivyo.

Nilimwuliza yule mama swali ambalo kila mtu hufika nalo Rwanda. Nchi ya uamsho ilifanyaje yale ya 1994? Hakunyamaza wala hakulia. Alisema kwamba kanisa lilijaa majina na likaishiwa ushirika. Kwamba watu walijifunza kuimba toba bila kutubu. Kwamba hata hivyo wapo walokole waliokataa kutengana na wenzao wa kabila lingine, wakauawa pamoja nao. Kisha akaniuliza kama nimekula. Sikuongeza swali. Wahubiri wengi huipita 1994 haraka wanaposimulia uamsho, nami sidhani wana haki hiyo.

Tulikula isombe, yaani kisamvu, pamoja na viazi na maziwa mgando ya ikivuguto, nyumbani kwake. Nilitaka kulipa. Unajua jibu lilikuwa nini.

Malazi: dayosisi ina nyumba ya wageni kando ya ziwa, tulivu, bei ya kati. Ukitaka rahisi zaidi, lala Kayonza mjini. Kiswahili kitakusaidia kwa madereva na wafanyabiashara. Kwa wazee tafuta mkalimani.

Ijumaa: Gahini hadi Kabale

Siku nzima ya viti. Kayonza–Kigali, stendi ya Nyabugogo, kisha basi la Gatuna. Mpaka huu ulifungwa kuanzia 2019 mpaka mwanzoni mwa 2022, na wenye maduka pale bado wanauhesabu muda kwa "kabla" na "baada". Ukivuka kuingia Katuna, upande wa Uganda, rudisha saa mbele na ujue magari yamerudi kushoto. Pikipiki haina kofia tena.

Kabale kuna baridi. Mji uko juu, karibu mita elfu mbili, na mimi wa Mwanza nilikuwa na kanga na sweta jembamba. Mwenye nyumba ya wageni aliniona nikitetemeka mapokezi, akaniletea bushera ya moto, kinywaji cha mtama, na blanketi la tatu. Chumba shilingi elfu arobaini za Uganda. Waulize kama maji ya moto yapo kwa kweli au yapo kwa maneno.

Jumamosi: Ziwa Bunyonyi

Hapa nitakaa.

Kutoka Kabale hadi gati la Rutinda ni mwendo mfupi wa pikipiki kupanda na kushuka mlima. Boti ya injini ya kuzunguka visiwa kadhaa walinitajia laki moja ya Uganda, nikachangia na wanafunzi wawili kutoka Mbarara. Mtumbwi wa kasia ni rahisi lakini uwe na siku nzima. Mwenye boti yetu alikuwa amepiga kazi ya utingo kwenye malori ya Mombasa, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha barabarani, cha kweli kabisa.

Nilichotaka mimi ni Bwama. Mwaka 1931 Leonard Sharp, daktari aliyekuja Kigezi na mwenzake Algie Stanley Smith mwaka 1921 na kuanzisha hospitali Kabale, alifungua katika kisiwa hicho makazi ya wagonjwa wa ukoma. Wakati huo ukoma ulikuwa hukumu. Mtu alitolewa kwao, akajengewa kibanda mbali, akatupiwa chakula. Bwama wakapata nyumba, mashamba, matibabu ya wakati ule, na kanisa lao. Walioana huko. Dawa zilipopatikana na ugonjwa ukapungua, makazi yakafungwa. Leo kuna shule, na wanafunzi wenye sare walikuwa wanashuka kwenye mitumbwi wakiwa na magodoro kichwani. Nilipiga picha ya kanisa. Bibi alikuwa akisema, "Bwama waliguswa kabla hawajapona." Nilidhani anasema habari za Yesu na mkoma wa kwenye Injili. Alikuwa anasema habari za kisiwa.

Tulipoondoka Bwama, yule mwenye boti alizima injini mbele ya kipande cha ardhi kidogo sana, nyasi na mti mmoja mkavu, maji karibu yanakifunika.

"Hiki ni Akampene," akasema. "Kisiwa cha adhabu."

Zamani, hadi nusu ya kwanza ya karne iliyopita, msichana wa Kikiga, kabila la huku, aliyepata mimba bila kuolewa aliletwa hapa akaachwa. Hakuna chakula, hakuna nyumba. Wengi hawakujua kuogelea. Kijana asiyekuwa na ng'ombe wa mahari angeweza kuja na mtumbwi akamchukua awe mke, bila kulipa kitu. Wapo waliochukuliwa na wavuvi, wakaishi mpaka uzeeni. Wasiochukuliwa walikufa kwa njaa, au wakijaribu kuvuka. Kule Kisiizi, akaongeza, kuna maporomoko ya maji ambako wasichana wa namna hiyo walisukumwa wakaanguka. Siku hizi kando ya maporomoko hayo hayo kuna hospitali ya Kanisa la Uganda, na wanawake wanajifungulia hapo.

Mmoja wa wanafunzi akauliza, "Na mwanamume?"

"Yupi?" akajibu mwenye boti.

Basi nifike kwenye sababu yangu. Mwaka 2005 nilipata mimba nikiwa chuoni, sijaolewa. Kanisa letu lilinitenga kwa utaratibu wake: Meza ya Bwana hapana, kwaya hapana, mtoto asibatizwe kwa mikono yangu. Baada ya kujifungua nikapangiwa siku ya kurudi kundini. Tulisimama mbele ya usharika, wanawake wanne na mzee mmoja aliyekuwa ameongeza mke. Kijana wa mimba yangu alikuwa amekaa kwenye viti vya kwaya na kitabu chake cha nyimbo. Hakuitwa na mtu.

Bibi alitoka Kyaka usiku. Aliingia ibada haijaanza, na tulipoitwa mbele, naye akanyanyuka akaja kusimama pembeni yangu. Mzee wa kanisa akamnong'oneza, "Mama, wewe hujatengwa." Akajibu kwa sauti ya kawaida, watu wakasikia: "Najua niliposimama." Ndiye aliyemshika mtoto siku ya ubatizo.

Nikasamehewa, nikaandikwa, nikapewa mkono. Lakini tangu siku ile nilikaa benchi la mwisho karibu na mlango. Kwaya sikurudi. Wakinichagua kamati ya wanawake, naomba udhuru. Nilifika ibada zote, nikalipa ahadi zote, za jengo, za gari la mchungaji, za kila kitu, na nilizilipa mapema. Miaka ishirini. Kwa nje ungesema ni Mkristo wa mfano.

Pale kwenye maji, mbele ya ule mti, nilielewa ninachokifanya. Walishanichukua kisiwani zamani, nami nilikuwa bado nalipa nauli ya mtumbwi.

Nikamwambia mwenye boti, mtu nisiyemjua hata jina, "Mimi ningeletwa hapa." Wale wanafunzi wakanyamaza. Yeye akanitazama, akatazama maji, akasema, "Mama, hata mamangu. Mimi ni mtoto wa nyumbani kwa babu." Akawasha injini, akatupeleka kula kamba wa ziwani, ambao Bunyonyi wanao wengi, na kwenye bei ya boti akatupunguzia elfu ishirini tusizoomba.

Msidhani nilitoka hapo naimba. Nilikuwa na njaa na kichwa kinauma kwa jua. Lakini kitu kilikuwa kimelegea, na Paulo aliyesema "mmeokolewa kwa neema" nilimsikia kama mtu anayenieleza hesabu ambayo nilikuwa nimeikosea kwa uaminifu mkubwa.

Jumapili: Kabale

Ibada, kisha ushirika wa alasiri. Kabale ndiko ulikofanyika mkutano mkubwa wa 1935, na ukarudiwa 1945 chini ya mada kwamba Yesu anatosha. Baada ya hapo wakaweka desturi ya kukutana hapo kila miaka kumi. Ushirika wa kawaida, hata hivyo, ni watu kama ishirini kwenye chumba chenye viti vya plastiki. Nilikaribishwa kwa ile salamu yao, nikatakiwa nitoe salamu za Tanzania. Mama mmoja aliyewahi kuishi Karagwe akatafsiri.

Nilisimama. Sijasimama mbele ya watu kanisani tangu ile siku. Nikasema kuhusu Bibi, nikasema kuhusu boti, nikasema mengine pia. Mtafsiri alisita mahali fulani, nikadhani amekosa neno, kumbe anafuta macho. Nilipokaa wakaimba Tukutendereza, wakaendelea na ajenda iliyofuata, mchango wa msiba. Ilinipendeza kuliko wangenizunguka.

Wanajivunia sana Askofu Festo Kivengere, mwana wa Kigezi ambaye miaka ya 1940 aliwahi kufundisha shule Dodoma. Alipookoka alipanda baiskeli kiasi cha maili hamsini kwenda kumwomba radhi Mzungu ambaye yeye Kivengere alikuwa akimchukia. Februari 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum alipouawa chini ya utawala wa Idi Amin, Kivengere na mkewe walivuka milima kwa miguu kuingia Rwanda, kisha akaandika kitabu kueleza kwamba anampenda Idi Amin. Watu wa Kyaka tulikuwa na maoni yetu kuhusu kitabu hicho. Nitafika huko.

Jambo moja walilolisema wenyewe, bila kuulizwa: walokole nao walijenga sheria zao. Nywele hivi, nguo hivi, usikope, usifuge mbwa. Kuna kundi lililojitenga kwa ajili ya ukali wa namna hiyo na mpaka leo hawajapatana vizuri. Neema ikishapata kamati huanza kutoza kiingilio, ndivyo nilivyoandika kwenye daftari usiku ule, na bado naamini.

Jumatatu na Jumanne: Kampala

Kabale–Kampala ni saa nane hivi, nauli elfu hamsini ya Uganda, kupitia Mbarara na Masaka, na mstari wa ikweta pale Kayabwe ambapo basi halisimami hata ukiomba. Kaa upande wa kushoto asubuhi kama hupendi jua. Chapati ya mayai ya dirishani, ile wanayoiita roleksi, ni chakula halali cha msafiri.

Namirembe ni kilima chenye kanisa kuu la matofali mekundu, lililowekwa wakfu 1919 baada ya lililotangulia kuunguzwa na radi 1910. Kuna ngoma za kuita watu ibadani. Hapa, Septemba 1929, yule daktari aliyechoka alikutana na Nsibambi. Nsibambi alikuwa mtoto wa chifu, mtumishi wa serikali, mtu aliyewahi kuumia sana kwa kukosa nafasi ya masomo ng'ambo. Siku mbili walisoma Biblia pamoja, Mwafrika na Mzungu, kila mmoja akijiona maskini kuliko mwenzake. Katika Kampala ya 1929 hilo peke yake lilikuwa habari. Mwanawe Nsibambi, Apolo, alikuja kuwa waziri mkuu wa Uganda. Baba aliacha kazi ya serikali akawa mhubiri wa barabarani.

Nilikaa kwenye nyasi nikala matoke na mchuzi wa karanga kutoka kibanda cha chini ya kilima. Mlinzi alikuja kuniambia siruhusiwi kulia chakula hapo, akaona ninavyokula, akaniletea maji ya kunawa.

Jumatano na Alhamisi: Mutukula, Kyaka

Masaka tena, Kyotera, Mutukula. Mpaka wa haraka kuliko yote. Ukishavuka, mashamba ya miwa, na nyuma ya hapo Kagera ile ile niliyoivuka Rusumo, sasa pana na ya kahawia, na daraja la Kyaka. La zamani lilivunjwa na majeshi ya Amin Novemba 1978.

Bibi na Babu walikimbia kuelekea kusini na watoto, wakaacha ng'ombe wote. Waliporudi hapakuwa na kitu. Halafu Bibi akaanza kumwombea Amin kwa jina, kila jioni. Babu hakugombana naye. Alikuwa akinyanyuka tu anatoka nje mpaka asikie "Amina". Mambo yakaenda hivyo miaka. Agosti 2003 redio ilipotangaza kwamba Amin amekufa Jeddah, Babu alikaa ndani wakati wa maombi. Hakusema kwa nini, na kesho yake alitoka nje kama kawaida, kukatokea ubishi wa familia kama alikuwa amesamehe au alikuwa amechoka. Mjomba wangu anashikilia kwamba mvua ilikuwa inanyesha.

Alhamisi ulikuwa ushirika wa Bibi, waliobaki. Nilileta salamu za Kabale na picha, za Bwama zikapita mkono kwa mkono, simu ikajaa alama za vidole vya mafuta ya senene. Kisha nikashuhudia, ile ile ya Jumapili, safari hii kwa watu wanaonijua tangu sijui kusema.

Mzee mmoja akaomba nafasi. Akasema ananipenda kama mjukuu, lakini Bibi yangu alikuwa mpole kupita kiasi, na wasichana wakisikia habari hizi bila habari za kutengwa, nani atawazuia? Neema si ruhusa. Mama mmoja akamkatiza: je, katika maisha yake yote ya uzee wa kanisa, amewahi kumtenga mvulana? Akasema mmoja. Mama akasema amtaje. Mwingine akadakia kwamba utaratibu ulimsaidia yeye kweli, kwamba bila kutengwa asingesimama. Mwingine akamwambia aliyemsimamisha si utaratibu. Mzee akafungua Wakorintho. Mama akafungua Luka, ile ya baba anayetoka mbio mtoto akiwa bado mbali, akauliza hotuba ya toba ilikuwa imeshatolewa au bado.

Nilitaka kusikia mwisho wake. Lakini hiace ya mwisho ya Bukoba ilikuwa inapiga honi barabarani, na meli ya Mwanza huondoka Bukoba usiku. Tiketi nunua mapema, daraja la tatu hujaa ndizi kabla ya watu. Nikawaaga, hakuna aliyeitikia isipokuwa yule mzee, aliyeninyooshea mkono bila kuinua macho kwenye Biblia na kuniambia nirudi wiki ijayo, atakuwa amepata mistari mingine.